Damu ya Fundi Saa

Maabara nzima ilimwita Dada wa Damu, na kusema kweli hakuna aliyejua kutoboa mkono wa mtu bila kumuumiza kama yeye. Kazi yake ilikuwa kupitisha umeme kwenye jeli yenye damu za watu wa familia moja, protini zitembee, kisha asome mistari pale protini zilipoishia: huu mtoto kaupata kwa mama, huu kwa baba.

Pembeni mwa kila jeli huwekwa damu ya kulinganishia, ya mtu mwenye mstari wa juu na wa chini pia. Yeye alitumia ya mdogo wake, fundi saa, mtu wa maneno mengi. "Bila mimi hamli nyie," aliwatania kila alipokunja shati.

Mwaka ule mkubwa wa maabara akagundua kwamba jeni ya protini ile inakaa jirani na jeni ya upofu, hivyo katika familia hurithiwa pamoja, ingawa mara mojamoja huachana. Dada wa Damu akafungua daftari la jeli za familia yao wenyewe. Baba yao alikufa kipofu, shangazi yao vilevile, na wote wawili walikuwa na mstari wa chini. Baba zao wadogo, wanaoona hadi leo, hawana. Yeye mwenyewe hana. Mdogo wake anao, na miaka yote hiyo dada mtu ameusoma bila kujua anasoma nini.

Fundi saa alipokuja tena kutoa damu, alikuta dada yake hamtazami usoni.

"Dada, leo hata chai hunipi?" Habari za ugunduzi ule alikuwa keshazisikia. "Ni macho, siyo?"

"Sina hakika. Jeni hizo huachana wakati mwingine," akasema. "Lakini siwezi kukudanganya, mdogo wangu. Inaelekea unayo."

Fundi saa akainuka. Akaenda kusogeza pazia la dirisha.

"Geuka huku kwenye mwanga."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nataka kukutazama. Siku zote nakuja hapa kupiga domo tu, sijawahi kukutazama sawasawa."

Dada wa Damu hapendi kutazamwa, hata picha huzikimbia. Siku hiyo aligeuka, machozi yakimtiririka, wala hakuinamisha uso.