Kila Mtu kwa Macho Yake

Verlene Tolliver alikuwa na kanuni moja: Februari, mwezi wa kuadhimisha historia ya Weusi, hakuna anayesomewa. Kila mwaka aliwakusanya waumini kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa lao, huko Alabama, Marekani, akawagawia vitabu vilivyoandikwa na Weusi wenzao, na kila mmoja akasimama kusoma ukurasa wake kwa macho yake mwenyewe.

Juu kanisani mambo yalikuwa ya kizamani. Kaka yake, Shemasi Lemuel, alitaja mstari wa wimbo na watu wakauimba nyuma yake, kama walivyofanya mababu waliokatazwa kusoma enzi za utumwa. Verlene aliuchukia mtindo huo.

"Minyororo ilishakatika, bado tunalishwa maneno kwa kijiko," alisema.

Miaka yote, Februari ikifika, Lemuel alijichimbia jikoni akikata pai za viazi vitamu. Mwaka ule Verlene alimwita mbele.

"Shemasi, leo huponi. Ukurasa wa kumi na mbili."

"Niache na pai zangu, Verlie."

"Pai hazina historia!"

Watu wakacheka. Lemuel akakishika kitabu, akakitazama kwa muda mrefu. Jirani yao Earline akaelewa kabla ya wote.

"Dada Verlene, ngoja nimtajie mistari, yeye afuatishe. Sauti yake tamu, wajua."

"Hapana. Hapa hatutajiani."

"Verlie," Lemuel akasema polepole, "ulipokuwa darasani, mimi nilikuwa shambani nachuma pamba. Ulidhani nilijifunzia kusoma wapi?"

Verlene angeweza kukichukua kitabu mkononi mwa kaka yake akamsomea. Lakini watu arobaini walikuwa wakimtazama, na kanuni ilikuwa yake. Akabaki amesimama, akimsubiri asome. Lemuel akakiweka kitabu kitini, akavua aproni, akatoka.

Hakurudi tena kanisani. Verlene hakuthubutu kubisha mlangoni kwake. Alifanya alilolijua: aliandika barua ya kuomba radhi, kurasa nne. Kuisoma Lemuel hakuweza, na kumwomba mtu amsomee hakukubali. Lemuel alipofariki na kuzikwa Oktoba, Verlene aliikuta barua ndani ya Biblia ya kaka yake, haijafunguliwa.

Februari iliyofuata, walikuja ukumbini kusoma watu watatu tu.

Kumfundisha mtu kusoma ni wema. Kumwaibisha kwa kitu alichonyimwa ni dhambi, hata kitabu kiwe kitukufu kiasi gani. Siku ile Verlene aliishika kanuni yake, ikamgharimu kaka yake, na hakuwa na mwingine.