Gari Lililopimwa Tupu

Nakumbuka asubuhi moja nilipokuwa wa umri wako, mwanangu, nimesimama katika yadi ya gereji pale Migori, mikono kiunoni, nikilitazama gari nililolitengeneza kana kwamba mimi ndiye niliyevumbua chuma. Jana nilikuona umesimama vivyo hivyo. Umelipandisha gari la Akinyi juu ya jeki, umeyatunisha upya madigadi yake, yale mabati yanayofunika tairi, umeyavingirisha matairi mapana hadi ubavuni, na unapiga mluzi. Sikukusumbua. Mtu anayepiga mluzi hashauriki. Leo umetulia, basi kaa hapo juu ya rimu nikusimulie yaliyonipata, maana gari ni lile lile.

Ndiyo, lile lile. Kabla halijawa la Akinyi lilikuwa la baba yake, Mwalimu Oyugi wa Uriri. Gari dogo la milango miwili, boneti ndefu, na kiti cha nyuma cha kumtosha mbuzi mmoja asiye na maringo. Hata wakati ule lilikuwa la kizamani, na Mwalimu alilipenda hata majirani wakamcheka. Likizo moja akapata matairi manne ya mashindano kutoka kwa watu wa mbio za magari, mapana, meusi, yamechakaa kidogo tu. Akatuletea. Tulipoyajaribu yakatokeza nje ya bodi kama masikio. Ikabidi tukate madigadi na kuchomelea mengine yaliyotuna kwa nje.

Gereji ilikuwa ya Mzee Chacha, Mkuria wa Ntimaru. Mimi Mjaluo, yeye Mkuria, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa upande wake. Mzee huyo alikuwa na desturi moja iliyonichosha. Kila alipobadilisha matairi ya gari, alichukua udongo wa mfinyanzi, akaukandika ndani ya madigadi kote, kisha akapakia watu na magunia ndani ya gari na kuliendesha kwenye mashimo. Akirudi anachungulia. Udongo ukiwa umekwanguliwa, anajua tairi limegusa hapo, na hapo ndipo panapokatwa.

"Udongo haisemangi uongo," alizoea kuniambia. "Mtu ndio husema."

Mimi niliona ni mambo ya kizee. Kijana ana macho, ana futi ya kupimia, udongo wa nini?

Kazi ya madigadi ilipokuwa katikati, Mzee Chacha akaitwa nyumbani Ntimaru kwa tohara ya mjukuu wake. Aliniachia maneno machache. "Owiti, wewe maliza bati. Rangi piga. Lakini hii gari isitoke hapa kabla nirudi niweke udongo. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Na kweli nilisikia, mwanangu. Kusikia si kazi.

Siku zote hizo nilipiga nyundo hadi kiganja kikaota sugu juu ya sugu. Mabati yakakubali, yakatuna vizuri, pande zote mbili sawa. Nikapaka rangi nyekundu. Kwa nje ungetaka kuligusa. Kwa ndani, ule ukingo wa bati la zamani niliuacha ulivyo, mkali, kwa sababu ndani hakuna anayetazama. Nikalishusha gari chini, nikapitisha vidole viwili kati ya tairi na bati, vikapita. Nikasema inatosha.

Basi asubuhi ile niliyokuambia, nikiwa nimejishika kiuno, Mwalimu Oyugi akaja mbio. Alikuwa amepata habari kutoka kisiwa cha Rusinga. Dada mkubwa wa mama yake alikuwa mahututi, na alikuwa akimwita mdogo wake. Mama yake Mwalimu aliolewa Uriri, lakini kwao ni kisiwani, na dada huyo ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufa. Sisi vijana tulimwita mama yake Mwalimu Dani, jinsi tunavyowaita nyanya zetu.

"Fundi, gari iko tayari?" Mwalimu akaniuliza, anahema.

Hapo ndipo nataka unisikilize. Matairi yake ya zamani, yale membamba, yalikuwa pale pale ukutani. Ningeweza kuyarudisha kwa muda wa kunywa chai mbili. Lakini matairi membamba chini ya madigadi yaliyotuna yangelifanya gari lionekane kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Nami nilitaka kazi yangu ionekane Rongo, ionekane Homa Bay. Nikasema, "Iko tayari, Mwalimu." Nikaomba hata kupanda nao, nikijidai kwamba huenda wakahitaji fundi njiani. Spea nikaiacha, kwa sababu tairi pana la tano hatukuwa nalo, na lile jembamba niliona aibu kulibeba.

Tukapita Uriri kumchukua Dani. Alikuwa ameshasimama mlangoni amevaa viatu. Nyuma yake palikuwa na gunia la njugu, gunia la viazi vitamu, mkungu wa ndizi, sukari, na kuku jike amefungwa miguu. Mama wa kwetu haendi kwao mikono mitupu, hata akiitwa na kifo. Wewe unalijua hilo, na mimi nililijua, lakini nilipokuwa napima na vidole vyangu viwili sikulikumbuka hata kidogo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikayatupa magunia nyuma, nikakaa juu ya njugu, kuku mapajani. Gari likazama. Nililihisi likizama chini yangu, na nikanyamaza.

Rongo watu walitupungia mikono. Nikawajibu kwa mkono kama mheshimiwa. Tulipopapita, kila tulipoingia shimoni nikaanza kusikia kitu chini ya kiti, srrr, srrr. Kisha harufu ya mpira unaoungua.

Dani naye alisikia. Akageuza shingo. "Huku nyuma kuna kitu kinatafuna."

"Ni gari ya mbio, Dani," nikamwambia. "Hulia hivyo."

Akaitikia, akageuka mbele. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa fundi. Mwanangu, nimefanya makosa mengi maishani, mengine nakuficha hadi leo, lakini hilo ndilo ambalo bado linaniuma. Bati nililokosea lilikuwa kosa la mikono. Neno lile lilikuwa kosa langu mimi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tuliipita Homa Bay tukashika barabara ya Mbita, ambayo siku hizo ilikuwa changarawe tupu. Hatukufika mbali. Tairi la nyuma likapasuka kwa kishindo, gari likayumba huku na huku, Mwalimu akapigana na usukani mpaka tukasimama kwenye katani kando ya barabara. Hakuna aliyeumia. Kuku alikata kamba akaenda zake, wala hakuna aliyemfuata.

Nikalala chini nikachungulia. Ule ukingo niliouacha ulikuwa umelimenya tairi kama mtu anavyomenya muhogo. La upande wa pili lilikuwa limebakiza utando tu. Magurudumu mawili mabovu, spea hakuna, na simu za mkononi siku hizo hazikuwepo.

Tulikaa pale tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Dani aliketi juu ya gunia lake la njugu, uso ameuelekeza Rusinga. Hakunilaumu, hakulia, hakuuliza lolote. Mwalimu alisimamisha kila kilichopita, na kilichopita kilikuwa kidogo. Ningependa wanitukane. Nilitamani sana mtu anitukane. Mwishowe pikapu ya wachuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, ikatuhurumia. Gari tukaliacha kwa mwenye boma la karibu, tukapanda na magunia yetu, tukalivuka tuta la Mbita linalounganisha nchi kavu na Rusinga, tukaingia kisiwani jua likishuka.

Dada yake Dani alikuwa hai. Lakini wanawake waliokuwa wamemzunguka walitueleza kwamba alizungumza hadi saa nane mchana. Kila mlango ulipolia aliuliza, "Amefika?" Saa nane ulimi ukafunga. Dani akapanda kitandani akaushika mkono wake, akamwita kwa jina la utotoni. Macho hayakufunguka. Dani alikuta pumzi, hakukuta maneno. Siku ya pili ndugu yake akafariki.

Asubuhi baada ya kufika, kabla ya kifo kile, Dani aliniita nyuma ya nyumba. Nilidhani saa ya matusi imefika. Alikuwa ameshika kibuyu cha uji, akanipa, akangoja ninywe. Kisha akazungumza kwa Dholuo, lugha yetu, taratibu, nami nakupa kwa Kiswahili.

"Nyathina, mwanangu, ulipolipima lile gari, nani alikuwa ndani?"

"Hapakuwa na mtu, Dani."

"Njugu zangu?"

"Hazikuwepo."

"Basi ulipima gari la nani?"

Nikakishusha kibuyu. Akaniuliza tena, "Na ile sauti. Uliisikia?"

Ningeweza kusema sikuisikia. Hakuna ambaye angejua. Nikasema, "Niliisikia, Dani. Niliisikia tangu Rongo."

Hapo machozi yakatutoka, yeye na mimi. Akaniwekea mkono kichwani, mkono mkavu wa mtu aliyelima maisha yake yote. "Gari litaharibika, huo ni mwendo wa magari," akasema. "Lakini ungeniambia, ningeshuka Homa Bay nikatafuta gari lingine. Ulininyima kuchagua. Usimfanyie mtu mwingine hivyo." Kisha akaniambia nimalize uji, kwa sababu kuna kuni za kupasua, na msiba ulikuwa njiani.

Mzee Chacha aliporudi kutoka Ntimaru nilimweleza yote. Nilingoja anifukuze. Alilizunguka gari lililovutwa kwa kamba kutoka Homa Bay, akaingiza mkono ndani ya madigadi, akaupapasa ule ukingo. "Nje umefanya kazi mzuri," akasema. "Ndani umefanya ya mwizi." Akanipa tindo. Nilikata, nikaukunja ukingo wote kwa ndani, inchi kwa inchi, mpaka ukawa laini hata ungepitisha shavu la mtoto. Mwalimu akapata matairi mengine mawili mapana, tukayafunga. Kisha Mzee Chacha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alimtuma Mwalimu aende Uriri akamlete Dani pamoja na gunia la njugu. Dani akaja kweli, bado na kitambaa cha matanga kichwani, akaketi kiti cha mbele kama malkia, nami nikakandika udongo. Tuliporudi kutoka kwenye mashimo, udongo ulikuwa mzima. Dani akachungulia mwenyewe, akacheka. Lilikuwa cheko lake la kwanza tangu Rusinga, na mimi nililichukua kama msamaha.

Sasa, mwanangu, sikukuita hapa nikukataze matairi mapana. Wazee wengi hukataza tu kwa kuwa wao hawana tena nguvu ya kufungua nati. Matairi mapana ni mazuri, hushika barabara, na madigadi uliyoyatunisha wewe yamenishinda hata mimi. Nimeyapapasa ulipokwenda kula. Nimeupapasa na ukingo wa ndani. Nadhani unajua ninachotaka kusema, kwa hiyo sisemi.

Ninalokuusia ni hili. Usipime kitu kikiwa tupu kisha ukakipa watu. Hivi karibuni utaoa, utajenga, utachukua kazi za watu. Nyumba ipime na jamaa watakaolala humo wakati wa matanga. Ahadi ipime na siku ambayo utakuwa umechoka. Tupu, kila kitu hutosha. Vidole viwili hupita. Na ukisikia kitu kinatafuna huko nyuma, sema siku hiyo hiyo, hata kama kitakuaibisha mbele ya watu wanaokupungia mikono. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta ambazo mtu hapati tena nafasi ya kuzijenga. Dani hakuipata. Amelala Uriri sasa, miaka mingi, na kila nikipita kaburini kwake nasikia srrr, srrr.

Nyasaye, Mungu wetu, akubariki, mwanangu. Aibariki mikono yako, na ulimi wako zaidi. Kazi zako zifike zinakokwenda, na anayekungoja umkute angali na maneno.

Haya, inuka. Nenda mtoni ulete udongo. Halafu mpigie Akinyi simu, mwambie aje na watoto wake wote watatu, na mzigo wowote anaokusudia kwenda nao Homa Bay, hata kama ni wa kuku. Mimi nitakaa nyuma, mahali pangu pa zamani. Nikisikia kitu, safari hii nitasema.