Skana Yangu na Kifuniko cha Tanki

Mwaka niliponunua skana niliacha kusalimia watu. Sikukusudia, ilitokea tu, nikajikuta nimeacha.

Gereji yetu iko Kisauni, upande wa Frere Town, na kazi zake nyingi ni matrekta ya mashamba ya huko ndani. Mwenye gereji ni mzee aliyenifundisha ufundi. Mteja akija, mzee humkalisha kwenye benchi akamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za shamba, kisha kwa sauti ileile akauliza habari za trekta. Chai huja katikati. Mimi niliona huo ni upotezaji wa wakati, maana nilikuwa kijana wa kisasa, wa miaka arobaini na miwili.

Skana yenyewe ilikuwa nakala ya bei nafuu, iliyoletwa katika boksi lililobonyea. Unaichomeka kwenye trekta lenye kompyuta, inakupa namba ya hitilafu na maneno mawili matatu ya kuieleza. Niliishonea mfuko wa ngozi, nikaivaa shingoni kama daktari. Hata nikienda kununua mahamri nilikwenda nayo.

Masika yakiwa yamekaribia, mama mmoja wa Mwakirunge alileta trekta lake, akiliendesha mwenyewe, leso kiunoni. Lilikuwa likizima kila likifanya kazi nusu saa. Alikuwa na ekari tano za kulima kabla ya mvua, maana udongo wa shamba lake ukishalowa trekta huzama. Mzee alikuwa amekwenda mazishini Malindi, kwa hiyo bingwa nilikuwa mimi.

“Asalaam aleikum,” mama alianza.

“Liweke hapo kivulini,” nikamjibu, na skana nimeshaichomeka.

Ikasoma: presha ya dizeli iko chini. “Pampu,” nikatangaza.

“Mwanangu, lakini wajua tangu juma lile shambani…”

“Mama, mashine imeshasema.”

Jibu hilo nikilikumbuka hata leo naona haya.

Siku nzima nilitafuta pampu, na siku ya pili nikaifunga. Nililiwasha trekta uani, tanki likiwa wazi ili niangalie dizeli, likanguruma vizuri mno. Nikafunga tanki, mama akaondoka. Hakufika mbali, likamzimia Bamburi. Nikamfuata kwa bodaboda, skana kifuani, nikaichomeka mbele ya watu. Namba ileile. Nikafungua tanki nichungulie dizeli, nikafunga, nikawasha, likawaka. “Ilikuwa hewa tu,” nikawaambia waliosimama kutazama, na kuna aliyeniomba namba ya simu. Kesho yake mama alirudi. Lilikuwa limezima tena kabla hajamaliza hata kipande kimoja cha shamba. Nikaanza kufungua nozeli zinazopulizia dizeli ndani ya injini, nami sasa jasho lilikuwa likinitoka hata nikikaa.

Mzee alirudi siku hiyo hiyo. Hakunitazama wala hakuitazama skana. Alimkalisha mama kwenye benchi.

“Asalaam aleikum, dada. Habari za nyumbani?”

“Waaleikum salaam, kaka. Njema, alhamdulillahi.”

“Watoto hawajambo? Ng'ombe je?”

Nilikuwa chini ya trekta, nikiuma meno. Watoto hawakuwa na jambo. Ng'ombe mmoja alikuwa amezaa. Chai ikaja.

“Na trekta nalo, limeshindaje?”

“Lilikuwa zima kabisa, kaka, mpaka kifuniko cha tanki kilipoanguka shambani. Nimekitafuta, wallahi, sikukiona. Nikaziba kwa nailoni, nikakaza kwa mpira wa tyubu, vumbi lisiingie.”

Mzee aliweka kikombe chini. Akachukua msumari, akaenda kwenye tanki, akaitoboa ile nailoni. Hewa iliingia kwa mluzi mrefu, nikausikia mpaka kule chini nilikolala. Dizeli haiwezi kutoka kwenye tanki kama hewa haina pa kuingilia, na kifuniko kile kilichopotea kilikuwa na kitundu cha kazi hiyo. Hilo hufundishwa siku ya kwanza. Nami nilikuwa nimeifungua nailoni hiyo kwa mikono yangu mara kadhaa, na kila nikiirudisha niliikaza kuliko mwenyewe.

Skana haikuwa imesema uongo. Ilisema presha iko chini, na kweli ilikuwa chini. Aliyesema pampu ni mimi.

Mama aliondoka na trekta likaenda bila kuzima. Alilima ekari moja na nusu, mvua ikaanza. Ekari zilizobaki ziliota majani msimu mzima.

Alikuja tena wakati wa mahindi mabichi. Alimletea mzee kikapu kizima. Mimi alinipa hindi moja, zuri, limejaa punje mpaka nchani.

“Hili lako, mwanangu. Mengine yako kule kusikolimwa.”

Mafundi wote walicheka, na mama mwenyewe alicheka. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikamkaribisha kwenye benchi, nikaagiza chai. Skana nilikuwa nimeiacha kabatini.

“Shikamoo, mama. Habari za nyumbani?”

“Marahaba, mwanangu. Njema,” akasema, akipoza chai yake. “Ila mwaka huu unga twanunua dukani.”