Mlango wa Pili wa Karakana ya Sabuni

Saa mbili asubuhi, Asajile Mwakabanje anaubomoa kwa nyundo ukuta alioujenga mwenyewe. Vumbi la tofali linampigisha chafya, na wanawake wanaosubiri nje wanamtania. Yeye hacheki. Fundi huyu wa miaka 61, mkazi wa Masukulu wilayani Rungwe, anatoboa mlango wa pili wa karakana ya sabuni.

Kwa miaka mingi alikuwa fundi bomba katika kiwanda cha chai. Alipostaafu alianza kuchora na kujenga karakana ndogo za sabuni na mafuta ya parachichi, kutoka hapa hadi Kisiba. Hii aliipenda kuliko zote, kwa kuwa mkamwana wake, Ikupa, ni mmoja wa wanawake wa kikundi kinachoitumia.

Kwa mila ya Kinyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani usoni. Mke akimsikia mkwe anakuja, humpisha njia. Mjini Tukuyu wengi wameshaacha. Kwa Asajile mwiko huo haujalegea hata kidogo.

Mwezi Machi aliingia karakanani akiwa na haraka zake, akasahau kukohoa mlangoni. Ikupa alikuwa ndani, na mlango ulikuwa huo huo mmoja. Akajifunika uso kwa khanga, akarudi kinyumenyume, akaigonga koki ya pipa la kostiki, yale maji makali yanayogeuza mawese kuwa sabuni. Asajile alikuwa ameliweka pipa juu ya tofali ili yashuke yenyewe. Koki ikang'oka, yakammwagikia mguuni.

Lakini kinachomnyima usingizi Asajile si koki.

"Alilia, na mimi nikageuka nikatoka," anasema bila kuinua macho. "Mtoto anaungua, nampa mgongo, eti namheshimu. Heshima gani hiyo? Naona aibu. Hata kanisani nakaa nyuma siku hizi."

Aliyemwokoa Ikupa ni Mwantum, mwenzake wa kazi, aliyekimbilia maji kwa jirani.

Glavu zilikuwepo, zimetundikwa msumarini. Picha ya fuvu ilikuwepo ukutani. Hazikusaidia lolote. Sasa pipa limeondolewa. Kostiki inachanganywa lita tano tu kwa mara moja, katika chombo chenye mfuniko kilichokaa sakafuni, na bomba la maji limeingizwa ndani. Sabuni zimepungua kutoka boksi arobaini kwa wiki hadi ishirini na tano, na baadhi ya wanakikundi wananung'unika waziwazi.

"Wanune tu," anasema. "Glavu mtu husahau kuvaa. Kostiki ambayo haipo haimchomi mtu."

Ikupa amepona, ingawa mguu una kovu kubwa. Wiki iliyopita alimtumia ujumbe mama mkwe wake, Atupakisye: mlango ukikamilika atarudi kazini, kwa sababu atakuwa na pa kutokea na hatakutana tena na baba.

Atupakisye alifurahi. Mumewe alikaa chini, akashika kichwa. Ndipo alipoona kwamba kwa mlango huo anajifungia njia ya kumwomba mkwewe msamaha kwa kinywa chake.

Jumamosi hii wazee wa ukoo watakaa. Asajile amewaomba wamwondolee mwiko huo, na wakidai ng'ombe wa kulipia, yuko tayari.

"Mlango nitaumaliza, ni haki yake," anasema. "Ila nawaomba wazee siku moja tu. Nisimame mbele yake, anitazame, nimwambie: mwanangu, nilikuacha."