Mtoto Aliyekataa Kutaja Jina Lake

Saa mbili asubuhi ukungu bado umetanda juu ya migomba, na Mwalimu Anifa Shamsi tayari amevaa kofia ya mgambo aliyoazima kwa mlinzi wa shule. Leo si mwalimu. Ni askari wa gulioni, na watoto wa darasa la awali wamekaa jamvini wakisubiri zamu zao za "kupotea".

"Wewe mtoto, umepotea! Unaitwa nani?"

"Castory Pasikali!" anajibu mmoja, kifua mbele. "Baba yangu ni fundi baiskeli. Naishi Nyakabingo, karibu na mashine ya kusaga!"

Makofi yanapigwa. Darasa huangua kicheko kila askari huyu anapojaribu kukunja uso, maana Anifa hajui kukunja uso. Kisha anamfikia Isack, mwenye miaka mitano, na kicheko kinakatika. Isack anaangalia vidole vya miguu yake. Hasemi neno.

Katika kijiji hiki cha kata ya Titye, wilayani Kasulu, hakuna asiyejua kwa nini.

Anifa, mzaliwa wa Kondoa, aliletwa huku na ajira ya serikali. Ana watoto themanini na saba katika chumba kimoja. Anawafundisha kuitambua bendera, kupanga foleni, kuvuka barabara, kuheshimiana nyumbani. Lakini kila asubuhi huanza na jina.

"Uraia unaanzia hapo, mtoto ajue yeye ni nani na ni wa nani," anasema. "Nawaambia wamtajie askari, nesi au mwalimu. Si kila anayewapa pipi."

Mwaka jana alimfundisha Aline, dada yake Isack, wa miaka sita. Aline aliimba, aliruka kamba, lakini akiulizwa jina alifumba mdomo.

"Nikadhani ni aibu," anasema Anifa. "Nikamwambia kaa chini mwanangu, utasema kesho. Watoto ni wengi, nikampita."

Haikuwa aibu. Watoto hao wanalelewa na bibi yao, Pelagia Ndayikunda, tangu mama yao afariki. Pelagia alivuka kutoka Burundi mwaka 1972, akiwa na umri kama wa Aline. Kule, watu waliokuja kuuliza majina mlangoni ndio waliomchukua baba yake, na hakurudi. Leo Pelagia ni raia wa Tanzania, cheti anacho na kura anapiga. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wajukuu zake aliwafundisha neno la nyumbani kwao: hora. Nyamaza.

"Niliwaambia, mtu usiyemjua akikuuliza jina, hora. Akikuuliza kwenu, hora," anasema. "Ndivyo nilivyopona mimi."

Siku ya gulio, msimu wa maharage, Aline alimfuata barabarani bibi yake aliyekuwa akienda gulioni, bila kuaga. Pikipiki ikamgonga, na wasamaria wema wakamkimbiza hospitali. Pelagia hakujua kwamba amefuatwa. Aliporudi jioni alimtafuta migombani, kisimani na kwa majirani, usiku kucha.

Hospitalini mtoto alikuwa akiongea. Aliomba maji, akashukuru. Mchana wa siku ya pili akafariki, na bibi yake akafika jioni.

"Nesi aliniambia alikuwa anamtaka bibi," Pelagia anasema, akiminya ncha ya kitenge chake. "Wakamuuliza, bibi gani, anaitwa nani, tumwite? Akafumba mdomo. Alinitii yule mtoto. Alinitii mpaka mwisho."

Msibani kuna aliyeropoka kwamba mkataa kwao mtumwa. Ulimi hauna mfupa, na maneno yale bado yamemkaa Pelagia kooni.

Isack alipoanza shule Januari, Anifa alikwenda mara kadhaa kumwomba bibi amruhusu mtoto ataje jina. Kumlazimisha mtoto hakutaka.

"Nitakuwa namfundisha kumwasi bibi yake," anasema. "Ruhusa itoke kwake mwenyewe."

Pelagia alikataa kila mara, na si kwa ukaidi.

"Mwalimu, nikimwambia Isack aseme," alimjibu, "nitakuwa nimekubali kwamba Aline nilimwua mimi."

Siku hiyo Anifa alirudi nyumbani akilia njia nzima.

Asubuhi hii Pelagia ameleta mahindi ya uji wa shule. Amesimama mlangoni na ndoo kichwani, akimtazama mjukuu wake anayetazama vidole. Anifa anamwona. Anasita, kisha anaiweka sawa kofia yake na kumwendea.

"Shikamoo bibi. Naona umepotea. Unaitwa nani?"

Watoto wanacheka. Pelagia hacheki. Anaitua ndoo polepole.

"Pelagia Ndayikunda," anasema. "Binti wa Nduwayezu. Naishi Nyakabingo." Anamgeukia Isack. "Mimi ndiye bibi yake Aline."

Anifa anavua kofia. Isack ameinua uso na kumkodolea macho bibi yake. Mdomo wake umefunguka kidogo, sauti haijatoka. Kengele ya uji inalia na watoto wanakimbilia vikombe.

Anachokitaka Anifa mwaka huu ni kimoja tu, Isack alitaje jina lake, bibi yake akisikia.

"Kesho nitamuuliza tena," anasema, akifuta macho kwa pembe ya mtandio. "Na huyu sitampita."