Sahani Yenye Tundu

Siku ile tulikuwa watano. Alikuwepo Madame Clarisse, kiongozi wa timu yetu, Mutombo, dereva, Ilunga, mwenzangu wa kuuliza maswali, Papa Kaseba, mdogo wake sultani wa kijiji, aliyepewa kazi ya kututembeza, na mimi. Wote wako hai mpaka leo. Nawataja mwanzoni kwa sababu najua utaniuliza nani aliona. Wao waliona. Na sahani yenyewe iko nyumbani kwangu, mtaa wa Kamalondo mjini, juu ya kabati. Ukitaka kuiangalia, njoo. Usiiguse tu.

Mimi ni mkubwa wa watoto wanne. Baba alitangulia, mama akamfuata. Matanga yalipoisha tu, baba wadogo walileta kamioneti wakabeba kitanda, redio, sufuria, hata sahani. Tulibaki na beseni moja la plastiki, tukala humo sote kwa muda mrefu. Niliacha shule nikaanza kuuza makala, makaa ya kupikia. Kwa kuzunguka vijijini kuyatafuta nilizoea njia na watu wake, ndiyo maana shirika moja lilinichukua katika kazi ya kuuliza watu wa vijijini wanaishi vipi: wanalima nini, wanauza nini, wanakunywa maji gani, nani wanakula chungu kimoja.

Madame Clarisse aliniambia wazi kwamba kijiji kile kilikuwa jaribio langu. Nikikamilisha nyumba zote nilizopangiwa kuuliza, nabaki kwenye timu. Ikipungua hata moja, narudi kwenye makala. Mdogo wangu anayenifuata alikuwa anaingia mwaka wa mwisho wa sekondari, na bila kazi ile angekaa nyumbani kama nilivyokaa mimi. Sikutaka hilo. Nilishaapa kwamba kwetu wa kuacha shule ni mmoja tu.

Kijiji kiko mbali, ukiiacha barabara ya Kasenga na kuingia porini. Gari lilizama kwenye mchanga mara mbili. Tulipofika, jua la Oktoba lilikuwa linachoma, na tableti ya kuandikia majibu ilikuwa inajizima kwa joto kila nikianza swali. Na watu hawakutaka kujibu. Mama mmoja aliniona nakuja akaingia ndani akafunga mlango, nikabaki nasikia akicheka na watoto wake. Mzee mwingine alinijibu kila swali kwa neno moja, "Andika." Niandike nini? "Andika ile unataka."

Papa Kaseba naye alikuwa anatembea mbele yangu na fimbo yake, hana haraka. Nilimwomba awaambie watu wake wanisaidie. Akasimama.

"Mama, mwaka ule balikuya bengine. Baliuliza kuku ngapi. Tukabaambia. Sasa zile kuku zilishakufa zote. Ukiandika tena, zitafufuka?"

Ilunga, aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha gari na kazi yake imekwisha, alicheka mpaka akakohoa. "Yaya, andika kuku marehemu," akasema, akiniita dada mkubwa kwa utani. Ningeweza kumpiga.

Ikabaki nyumba moja. Ilikuwa imefungwa, wenyewe wako porini wanachoma makala. Kanuni yetu iliruhusu kuchukua nyumba nyingine ya kijiji hicho hicho mahali pa iliyofungwa, lakini zote zilizobaki zilikuwa zimenikataa. Madame Clarisse aliangalia saa yake, akasema tunaondoka karibuni. Nikamwuliza Papa Kaseba kama hakuna watu wengine upande ule wa njia ya makala. Akafikiri.

"Wende paka kwenye tanuru. Ukifika kwenye tanuru, rudia."

Sikuuliza kwa nini niende mpaka hapo tu. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na kiu, na sikumwamini tena mtu yeyote wa kijiji kile. Nilifika kwenye tanuru la kuchomea makala, nikakuta limepoa, hakuna mtu. Ng'ambo yake njia iliendelea, nyembamba lakini safi, kama inayopitwa kila siku. Wewe ungerudi? Mimi nilipita.

Niamini ninachokuambia sasa. Ilikuwa mchana, jua liko juu, sikuwa nimelewa wala sikuwa nimelala. Nilitokea kwenye kiwanja kilichofagiwa vizuri sana. Hakukuwa na kuku, hakukuwa na moshi. Mama mmoja mzee alikuwa amekaa chini na kitenge kilichopauka, vyombo vyake vimemzunguka. Nilichutama nikapiga makofi taratibu kama mama yangu alivyotufundisha, nikangoja aniitikie. Akaitikia, akanionyesha mahali pa kukaa.

Nilimweleza kazi yangu. Akasema, "Uliza, mama. Tangu zamani bantu habaniulize kitu."

Akanijibu yote. Hujui furaha niliyokuwa nayo. Tangu asubuhi huyo alikuwa mtu wa kwanza kunijibu kama mtu. Nikauliza paa la nyumba ni la nini, akasema hana paa. Nikauliza maji anachota wapi, akasema anangoja mvua. Ukuta? Udongo. Shamba? Alishaachia wengine. Nani wanakula naye chungu kimoja?

"Niko peke yangu. Banaletaka chakula wakati banakumbuka."

Nikaandika maskini, maskini, maskini. Hata tableti haikuzima.

Tulipomaliza alinipa chakula. Bukari, ugali wetu, iliyopoa, na sombe kidogo ya majani ya muhogo pembeni. Mgeni hakatai, nikala. Sombe haikuwa na chumvi hata kidogo, wala ladha nyingine yoyote, lakini njaa ilikuwa inaniuma, nikamaliza. Ndipo nikaona, katikati ya sahani, pale bukari ilipokuwa, tundu la ukubwa wa msumari.

"Mama, sahani iko na tundu," nikamwambia.

"Vyombo vyote vya hapa viko na tundu," akasema.

Nikaangalia. Kweli. Beseni, kikombe, sufuria, kila kimoja kimetobolewa chini. Nikamhurumia. Nilidhani ni vyombo vya jalalani. Mimi mtoto wa mjini, wazazi wangu wamezikwa mjini chini ya simenti, ningejuaje?

Akaniuliza habari za kwetu, maana aliyepewa habari naye hutoa za kwake. Nilimwambia wazazi wamekufa. Akauliza mama yangu alipewa sahani gani. Sikuelewa swali, nikajibu kwamba sahani zote zilibebwa na baba wadogo. Akaniwekea ile sahani mikononi.

"Beba hii. Lakini usiirudishe mutupu. Niletee chumvi. Siko na chumvi."

Nilimwahidi. Nilirudi nakimbia, sahani kwapani, nyumba zangu zimetimia. Ilunga alipoiona akauliza kama siku hizi tunalipwa sahani. Nilikuwa nacheka. Papa Kaseba hakucheka. Alinijia polepole, akainama kuangalia ile sahani, ya bati, ukingo wa buluu, bila kuigusa.

"Hii umeipata wapi?"

Nikamwambia: kwa mama anayekaa nyuma ya tanuru.

"Unajua nani alitoboa hii sahani? Ni miye. Na musumari. Siku tulimuzika yaya yangu."

Mama yule alikuwa dada yake mkubwa. Kisha akatueleza, kwa sauti ndogo, kwamba kwao vyombo vya marehemu huwekwa juu ya kaburi lake, na hutobolewa kwanza ili mtu yeyote asivitamani, na kila anayeona tundu ajue chombo ni cha nani. Mtoto wa pale anajua kabla hajajua kuhesabu. Ndipo nikaelewa kwa nini yule mama aliniuliza mama yangu alipewa sahani gani.

Tulikwenda wote watano. Nyuma ya tanuru hakukuwa na njia. Mutombo alikata majani kwa panga mpaka tukafika kwenye vilima vya makaburi. Juu ya kimoja palikuwa na beseni, kikombe na sufuria, vyote vimetobolewa, majani yamepenya ndani yake. Kati yake paliachwa duara safi la udongo, ukubwa wa sahani. Kando yake kulikuwa na alama za miguu yangu mahali nilipochutama.

Papa Kaseba alimtuma Ilunga kwake kuleta chumvi. Niliimimina kwenye sahani nikapiga magoti ili niiweke. Ikatoka yote kwenye tundu kabla sahani haijagusa udongo. Nilijaribu tena na kidole chini ya tundu. Ikatoka. Papa Kaseba akanizuia.

"Ni wewe ulikula. Wewe njo utalipa. Siye hatuwezi."

Madame Clarisse alituambia tupande gari, tukarudi mjini. Kesho yake aliifuta ile nyumba kwenye orodha yangu, akaniambia kwa upole kwamba imepungua moja. Unaona uchungu wangu? Kijiji kizima cha watu hai kilinikataa, mmoja tu akanijibu kwa moyo wote, na huyo hahesabiwi. Sikuitwa tena. Nilirudi kwenye makala, nauza mpaka mitaa ya Ruashi na Golf, na mdogo wangu anasoma kwa taabu, lakini anasoma. Hilo sikuliachia.

Tangu bukari ile, chumvi siisikii mdomoni. Wadogo zangu wanalalamika kwamba sombe yangu imekuwa kama maji ya bahari, mpaka wamenikataza kupika. Sahani nimeipeleka kwa fundi aizibe kwa risasi ya kuyeyusha. Asubuhi risasi ilikuwa chini ya kabati, tundu liko wazi. Nimeipeleka kwa mwingine, ikawa vile vile. Nimerudi kijijini mara nyingi na chumvi, na kila mara inamwagika kabla sijaiweka chini.

Kwa hiyo wewe unayetumwa kuuliza watu maisha yao, ukiambiwa rudi, rudi, hata kama umebakiza nyumba moja. Na ukikaribishwa chakula mahali pasipo na moshi, inua sahani kwanza uangalie chini yake.

Mimi nilichelewa kuangalia. Pakiti ya chumvi iko kando ya sahani, imefungwa, inangoja safari nyingine. Mama wa watu anangoja, na bado sijamlipa.