Zuhura na Somo la Figo

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka damu inanichemka hadi leo. Nilikuwa msichana, nasomea utabibu hapahapa Songea. Mkufunzi wetu wa fiziolojia alikuwa mtu wa kusoma makaratasi yake mwanzo mwisho, kengele ikilia anatoka. Siku hiyo alisoma habari za figo. Zuhura, binti wa wakulima wa korosho wa Nakapanya, wilayani Tunduru, akanyoosha mkono, akasema hajaelewa.

"Kama huelewi, rudi kwenu ukaokote korosho," mkufunzi akamjibu.

Darasa zima likacheka. Jioni nikamkuta bwenini anapanga nguo zake kwenye begi.

"Huendi popote," nikamwambia. Mtu amekuja kujifunza kutibu watu, afukuzwe kwa kuuliza? Kwa lipi!

Tukajikusanya wanne. Kila mmoja alichukua kipande cha somo, akakisoma, kisha akaja kutufundisha bila kushika karatasi, nasi tukamuuliza mpaka akwame. Akikwama, tunatafuta wote. Figo tulimpa Zuhura mwenyewe. Alikataa, akalia kidogo, halafu akakubali.

Zamu yake ilipofika, akamwaga mkoba wake wote mezani: kitana, funguo, maganda ya karanga.

"Figo haianzi kwa kuchambua taka," akasema. "Inamwaga nje kila kinachoweza kupita, halafu inaokota vile inavyovitaka." Akarudisha kitana na funguo, maganda akayaacha. Tukampigia makofi.

Mkufunzi akatokea mlangoni. "Hiki ni chuo au kijiwe?" Akatuswaga hadi kwa mkuu wa chuo, eti tunapotoshana.

Mkuu alikuwa mama mtu mzima, mkali lakini msikivu. Tukamwamkia shikamoo. Akamsikiliza Zuhura hadi mwisho, pamoja na lile tusi la korosho, kisha akamuuliza, "Sasa mbona mgonjwa wa kisukari anakojoa sukari?"

Nikataka kudakia, mama akaninyooshea kidole.

"Sukari imekuwa nyingi mno," Zuhura akasema polepole. "Figo inaokota mpaka inazidiwa, mama. Inayobaki inatoka na mkojo."

Mama akamgeukia mkufunzi. "Umewahi kuulizwa jambo kama hili darasani?"

"Hawa hawaulizi, mama."

"Watauliza vipi, na anayeuliza unamtukana?"

Tangu hapo makundi kama letu yakaingizwa kwenye ratiba. Zuhura alimaliza, akaenda kutibu watu wa kwao Tunduru. Mkufunzi hakuwahi kumwomba radhi. Hata siku moja!

Ndiyo maana Jumapili, ulipoketi hapa kwangu Msamala ukanisimulia huku unacheka kwamba huko kwenye chuo chenu cha utabibu mnafichana madesa ya kusomea, na anayefeli mnamwita kilaza, chai ilinishinda kunywa. Mnashindania nini? Mgonjwa akiletwa hajitambui, atauliza nani aliongoza darasani? Huyo mnayemcheka ndiye pengine atakayempokea mama yako usiku wa zamu, nawe uko mbali.

Basi nisikilize. Somo gumu lisome na wenzako. Usikubali mjuaji mmoja aseme peke yake, wengine mkiitikia tu. Anayesuasua mpeni nafasi ya kufundisha, mumsubiri anapotafuta maneno. Usilolielewa liseme wazi, bila aibu. Na darasa likimcheka mtu, wewe usicheke. Nenda ukakae karibu naye.

Mungu akupe wenzako wa kukuuliza maswali magumu, akulainishe ulimi unapowajibu, na mikono yako iwe nafuu kwa kila atakayelazwa mbele yako. Nenda salama, mwanangu.